Kabla hujanunua tarakilishi ya mtumba, soma nambari zake

MZAZI ambaye mwanawe amepata nafasi chuoni, kijana anayenuia kufungua duka la kupiga chapa na kutoa nakala katika kituo cha biashara mashinani, mwalimu anayetayarishia mitihani nyumbani: wote hawa hufika katika maduka ya Luthuli na Moi Avenue jijini Nairobi wakiwa na kitita kisichozidi Sh30,000 na matumaini chungu nzima. Aghalabu pesa zenyewe si za akiba. Ni zamu ya chama iliyosubiriwa mwaka mzima, au mkopo wa Sacco utakaokatwa kwenye mshahara kila mwisho wa mwezi. Mnunuzi wa aina hii akiuziwa mbuzi kwenye gunia, hana pesa nyingine za kurudi nazo sokoni.

Swali analouliza dukani huwa ni moja: “Hii ni i5 au ni i7?” Naye muuzaji, kwa kuwa anajua fika mteja wake anataka kusikia nini, hujibu kwa bashasha kwamba ni i7. Hapo ndipo pesa zinapopotea. Jina hilo halielezi lolote la maana mpaka liandamane na nambari inayolifuata, na nambari hiyo wateja wengi hawaiulizi.

Makala haya yanahusu tarakilishi ya mezani, wala si kipakatalishi. Sababu ni ya kiuchumi. Kwa kiasi kile kile cha pesa, ya mezani huwa na nguvu zaidi, haina betri ya kuchakaa, na kipande kimoja kikiharibika hubadilishwa hicho tu. Anayelazimika kubeba mashine yake kila uchao hana budi kununua kipakatalishi. Asiyelazimika anajipunja akifanya hivyo.

Mitumba ya ofisi

Tarakilishi ambazo nchini huitwa ‘ex-UK’, hata zikiwa zimetoka Ujerumani au Marekani, ni mitumba ya ofisi. Benki, kampuni za bima, vyuo vikuu na idara za serikali katika nchi hizo hununua au kukodisha mashine nyingi kwa mpigo, kisha huziondoa zote baada ya miaka mitatu hadi mitano. Haziondolewi kwa sababu zimeharibika. Huondolewa kwa kuwa mkataba wa kukodi au dhamana ya mtengenezaji imefikia kikomo, na katika vitabu vya mhasibu thamani yake imekwisha. Wafanyabiashara huzinunua kwa jumla, wakazisafisha na kuzifuta data, zikapakiwa kwenye makontena hadi bandari ya Mombasa.

Majina yanayotawala biashara hii ni matatu: Dell na mashine zake za OptiPlex, HP na zile za EliteDesk na ProDesk, na Lenovo na ThinkCentre zake. Zilitengenezwa zikikusudiwa kufanya kazi mchana kutwa, mwaka nenda mwaka rudi, na kufunguliwa na fundi asiye na muda wa kupoteza. Nyingi hufunguka bila bisibisi. Vipuri vyake si adimu, maadamu mashine zenyewe zilitengenezwa kwa wingi mno.

Mpya inayouzwa kwa bei ya kukaribiana nazo huwa imepunguzwa kila mahali ili bei ishuke: kichakataji hafifu cha Celeron, kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi finyu ya kuhifadhia kazi. Rahisi yavunja upishi, walinena wahenga, na katika suala hili kilicho rahisi ni kile kipya.

Jina ni lile lile, mwaka ni mwingine

Kichakataji ndicho ubongo wa tarakilishi. Kampuni ya Intel, ambayo vichakataji vyake vimo katika sehemu kubwa ya mitumba hii, ilianza kuuza vile vya jina la Core i7 mnamo 2008 na vya i5 mnamo 2009. Majina hayo yalidumu kwa zaidi ya mwongo mmoja ilhali kilichomo ndani kilikuwa kikibadilika karibu kila mwaka. Kumwambia mtu kwamba tarakilishi ni i7 ni sawa na kumwambia gari ni Toyota Corolla bila kutaja limetengenezwa lini.

Mwaka umefichwa katika nambari. Nambari ikiwa na tarakimu nne, tarakimu ya kwanza ndiyo kizazi. Kwa hivyo i5-4570 ni ya kizazi cha nne, kilichotoka 2013. Ile ya i5-6500 ni ya kizazi cha sita, cha 2015. Nayo i5-8500 ni ya kizazi cha nane, ambacho kwa tarakilishi za mezani kilianza kuuzwa mwishoni mwa 2017. Tarakimu zikiwa tano, soma mbili za kwanza: i5-10400 ni ya kizazi cha 10. Zikiwa tatu tu, mathalan i7-870, shika njia uende zako. Hicho ni kizazi cha kwanza, na i7-870 yenyewe ilitoka 2009.

Linganisha hiyo i7-870 na kichakataji chenye jina la kimaskini, i3-8100. Cha pili kinakishinda cha kwanza kwa kasi, tena kimekadiriwa wati 65 dhidi ya wati 95. Hata hivyo, mteja anayetazama kibandiko tu atatoa pesa zaidi apewe kile kichovu, kwa kuwa saba ni kubwa kuliko tatu.

Kizazi cha nane kinastahili kutajwa kando. Ndani ya kichakataji mna viini, na kila kiini ni kama mfanyakazi mmoja anayeweza kupewa kazi yake. Kufikia kizazi cha saba, i5 ya mezani ilikuwa na viini vinne na i3 viwili. Katika kizazi cha nane i5 ilipata sita na i3 ikapata vinne. Ndiyo kusema i3 ya kizazi hicho iliifikia i5 ya mwaka uliotangulia, na wauzaji wengi hawajapandisha bei yake inavyostahili. Mnunuzi mwenye macho ataokota hapo.

Msomaji asiyeruhusiwa kuiwasha mashine anaweza kutambua kizazi kwa jina lililoandikwa kwenye kasha. OptiPlex 3020 na 9020 ni za kizazi cha nne. Zile za 3040, 5040 na 7040 ni za sita. 3050, 5050 na 7050 huwa na cha sita au cha saba. 3060, 5060 na 7060 ni za nane. Kwa HP EliteDesk 800, tazama herufi G: G1 ni kizazi cha nne, G2 cha sita, G3 cha sita au cha saba, na kuanzia G4 umefika cha nane. ThinkCentre M710 ni ya sita au saba, M720 ni ya nane.

Kuna mtego mmoja hapa. Dell iliuza OptiPlex 7010 mnamo 2012, ikiwa na kichakataji cha kizazi cha tatu. Mnamo 2023 ikalitumia jina lilo hilo, OptiPlex 7010, kwa mashine tofauti kabisa ya kizazi cha 13. Mwaka uliofuata ikafanya vivyo hivyo kwa 7020. Muuzaji mjanja anaweza kukufungulia kwenye simu ukurasa wa sifa za ile mpya huku mkononi akiwa na ile kongwe, wala hatakuwa amedanganya jina.

Kuhusu vichakataji vya AMD, vile vya Ryzen vilivyoanza kuuzwa 2017 ni vizuri na wakati mwingine hupatikana kwa bei nafuu kwa sababu wateja hawavijui. Vile vya kabla ya Ryzen, vyenye majina kama A8 na A10, havifai kugharamiwa tena.

Ukuta wa Windows

Oktoba 2021 kampuni ya Microsoft ilizindua Windows 11 na kuiwekea masharti makali. Kwa vichakataji vya Intel, isipokuwa vichache mno, sharti kiwe cha kizazi cha nane au zaidi, na mashine iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kisha mnamo Oktoba 14, 2025, Windows 10, iliyokuwa imetumika tangu Julai 2015, ikakoma kupewa masasisho ya kawaida ya usalama. Watu binafsi waliachiwa fursa ya kujiandikisha ili waendelee kuyapata kwa mwaka mmoja tu, hadi Oktoba 2026.

Kwa ofisi za ng’ambo, hiyo ilikuwa amri ya kuhama. Mashine za kizazi cha sita na cha saba, ambazo hazikubaliwi na Windows 11, zikawa mzigo wa kuondolewa. Hazikudhoofika usiku ule wa Oktoba 14. Zilikosa tu kibali cha mfumo endeshi mmoja. Kwa mnunuzi wa Kenya, hapa ndipo njia inapogawika, na ni muhimu ajue yuko upande gani kabla hajapanda matatu kuelekea mjini.

Upande mmoja yuko anayehitaji Windows kwa lazima. Mwanafunzi wa usanifu majengo anayetumia AutoCAD, mtengenezaji wa mabango anayetegemea Photoshop, mhasibu ambaye programu ya mwajiri wake haikubali mfumo mwingine. Huyu asishawishike na bei ya chini; anunue kizazi cha nane au zaidi. Na awe macho, kwani kuna mbinu za kuruka masharti na kusakinisha Windows 11 kwenye mashine ya kizazi cha sita. Skrini itaonyesha mandhari ya kuvutia ya Windows 11 na mteja ataondoka akiwa ameridhika. Lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine kama hizo hazina hakikisho la kuendelea kupata masasisho. Usihukumu kizazi kwa picha iliyo kwenye skrini.

Upande wa pili wako walio wengi: wanaoandika barua na tasnifu, kufungua baruapepe, kuhudhuria masomo kupitia Zoom, kujaza fomu za eCitizen, kutazama mafunzo kwenye YouTube. Kazi hizi zote zinafanyika kwenye Linux, mfumo endeshi usiolipiwa hata ndururu. Ubuntu 24.04 na Linux Mint 22, zote za mwaka wa 2024, ziliahidiwa masasisho ya usalama hadi 2029. LibreOffice, inayokuja pamoja nazo, hufungua na kuhifadhi faili za Word na Excel. Ni kweli kwamba jedwali au herufi zinaweza kusogea kidogo faili ikihama kutoka programu moja hadi nyingine, kwa hivyo kazi iliyokamilika afadhali itumwe kama PDF. Ni kweli pia kwamba baadhi ya printa hukaidi. Lakini kwa mtu wa upande huu, tarakilishi ya i5 ya kizazi cha sita iliyotemwa na ofisi ya London, ikiwa na Ubuntu ndani, ndiyo bei bora kupita zote sokoni kwa maoni yangu, na sioni sababu ya kumwongezea gharama kwa ajili ya jina la Windows.

Neno moja kuhusu leseni. Tarakilishi nyingi za ofisi za tangu enzi ya Windows 8 huwa na leseni iliyohifadhiwa ndani ya ubao wake, na Windows ya toleo linalofaa hujithibitisha yenyewe mashine ikiunganishwa na intaneti. Fundi akikwambia lazima atumie programu ya ‘kuvunja’ Windows ndipo ifanye kazi, mkatalie. Programu hizo ni mlango maarufu wa virusi, na virusi hivyo hutafuta nywila za benki kwanza.

Kasi unayoiona kwa macho

Kinachoifanya tarakilishi kuukuu ionekane mpya si kichakataji. Ni SSD.

Diski ya kawaida ina sahani za sumaku zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde, na mkono mdogo unaotembea juu yake kutafuta data. Kila faili ikihitajika, mkono lazima usogee na kusubiri mahali panapofaa pazunguke hadi chini yake. Safari moja huchukua takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Si muda mrefu, mpaka ukumbuke kwamba kuwasha tarakilishi ni kusoma maelfu ya faili ndogo ndogo zilizotawanyika. SSD haina kinachozunguka wala kinachotembea. Huifikia data kwa muda ulio mfupi mara mia hivi. Ndiyo maana mashine ile ile, ikiwa na diski ya sumaku, hukuacha ukinywa chai kabla haijawa tayari, na ikiwekewa SSD huwa tayari kabla hujaketi vizuri.

Baadhi ya maduka hukupa diski ya terabaiti moja kana kwamba ni zawadi. Mwambie muuzaji akubadilishie na SSD ya gigabaiti 256, hata kama utaongeza pesa kidogo. Ile kubwa, ikiwa nzima, inaweza kubaki ndani kama ghala la filamu, picha na nakala za akiba.

Kumbukumbu ya RAM ni kama upana wa meza ya kazi. Gigabaiti 4 hazitoshi tena. Kivinjari chenye kurasa kumi wazi huimaliza meza yote na tarakilishi ikaanza kuhangaika. Gigabaiti 8 ndicho kiwango cha chini cha heshima, na 16 ni kwa wanaohariri video au kufungua programu nzito kwa pamoja.

Hapa ushauri wa zamani umepinduka. Kwa miaka na mikaka wanunuzi waliambiwa wachukue mashine yenye RAM ndogo na kuongeza baadaye mambo yakiwa sawa. Lakini tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda vibaya, kwa kuwa watengenezaji wakuu, Samsung, SK Hynix na Micron, waligeuzia sehemu kubwa ya uzalishaji wao kwa vituo vya data vya akili unde. Ya kuongezwa kesho huenda ikakugharimu kuliko unavyodhani. Nunua mashine ambayo tayari ina RAM unayoihitaji, kwa sababu ile iliyo ndani ya mtumba hukadiriwa pamoja na mtumba. Aidha, RAM za kizazi cha nne ni za aina ya DDR3 na kuanzia cha sita nyingi ni DDR4; haziingiliani, kwa hivyo usinunue moja ukitumaini kuihamishia kwenye nyingine.

Kuhusu umbo, machache yatatosha. Mnara mkubwa ndio unaomfaa kijana anayetaka kuongeza kadi ya michezo ya video. La kati hukubali kadi fupi tu, na katika Dell nyingi kisanduku cha ndani kinachopokea umeme si cha umbo la kawaida, hivyo kikiungua lazima utafute cha aina ile ile. La tatu ni dogo kama kamusi nene. Hutumia chaja kama ya kipakatalishi, na kichakataji chake huishia kwa herufi T, ishara kwamba ni cha wati 35. Hupungukiwa kasi kidogo tu na hula umeme kidogo mno. Kwa chumba cha kupanga, hilo dogo ndilo ningelichagua, mradi lije na chaja yake halisi. Za Dell zisipoitambua chaja hulalamika zikiwashwa na hata kupunguza kasi makusudi.

Mbele ya kaunta

Nenda asubuhi, siku ambayo huna haraka, na uombe mashine iwashwe mbele yako kwenye skrini ya duka.

Kwanza ni ile nambari. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha ufungue sehemu inayoonyesha utendakazi. Hapo utaona jina kamili la kichakataji, kiasi cha RAM na aina ya diski. Ukitaka ushahidi usiotegemea Windows, ingia kwenye mipangilio ya BIOS wakati mashine inaamka: Dell hufunguliwa kwa F2, HP kwa F10, Lenovo kwa F1. Ikiwa BIOS inadai nywila ambayo muuzaji hana, iache mashine hiyo. Mwenye kwanza hakuifungua, na fundi wa mtaani huenda asiweze. Kuna kufuli nyingine iliyojificha zaidi: baadhi ya kampuni husajili mashine zao kwa Microsoft, na ukisakinisha Windows upya ukiwa umeunganishwa na intaneti, skrini inakudai anwani ya baruapepe ya kampuni ambayo hukuwahi kuifanyia kazi. Uliza kama Windows iliyomo ilisakinishwa mtandao ukiwa wazi.

Ya Dell ina kibandiko chenye alama iitwayo Service Tag. Iandike kwenye tovuti ya Dell kwa simu yako, nawe utaona ni mashine gani hasa na dhamana yake ya kwanza ilikwisha lini. Huo ndio mwisho wa ule ujanja wa 7010.

Tazama saa. Ikiwa tarakilishi inadhani ni miaka kadhaa iliyopita, betri yake ndogo ya mviringo, CR2032, imekufa. Ni kitu cha bei ndogo na kubadilishwa ni dakika moja, lakini ukiondoka bila kujua utashangaa mbona tovuti za benki na za serikali zinakataa kufunguka. Vivinjari hukagua vyeti vya usalama kwa tarehe, na tarehe ya uongo huvifanya vionekane batili.

Kisha fungua video na uiache icheze nusu saa. Usione haya. Feni ikianza kuvuma kama posho mill, ndani mna vumbi au gundi ya kupooza kichakataji imekauka. Chomeka flashi katika kila tundu la USB. Omba kuona afya ya SSD kwa programu ya CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure na huonyesha pia saa ambazo diski imefanya kazi. Omba kifuniko kifunguliwe, uone kama vile vijikopo vidogo kwenye ubao vimevimba vichwa. Mafundi wa zamani hawajasahau OptiPlex GX270 za mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambazo vijikopo vyake vilipasuka kwa wingi hata Dell ikatenga takriban dola milioni 300 mnamo 2005 za kugharimia ukarabati.

Iliyotoka Marekani ichunguzwe nyuma, hasa ikiwa ya zamani. Baadhi zina swichi nyekundu ya kuchagua volti 115 au 230. Umeme wetu ni wa volti 240. Ikichomekwa swichi ikiwa kwenye 115, utasikia mlio mmoja tu na hadithi itakuwa imeishia hapo.

Kilichosahaulika kwenye hesabu

Kasha si tarakilishi nzima. Mwenye Sh30,000 asikubali kasha limeze zaidi ya theluthi mbili, maana bado kuna skrini, kibodi, kipanya na kinga ya umeme.

Skrini inaweza kuwa televisheni iliyopo nyumbani ikiwa ina tundu la HDMI. Tatizo ni kwamba nyingi za mashine hizi za ofisi hazina HDMI. Zina DisplayPort na pengine VGA, hivyo nunua adapta papo hapo. Jambo lingine linalowashtua wengi wakifika nyumbani: nyingi hazina Wi-Fi, kwa sababu ofisini ziliunganishwa kwa waya. Kabla hujaongeza gharama, jua kwamba simu ya Android ikichomekwa kwa kebo ya USB na kuruhusiwa kugawa intaneti, tarakilishi hupata mtandao bila Wi-Fi yoyote.

Usikubali ile skrini nene ya kizamani hata ukipewa bure. Sisi tuliojifunzia uhariri mbele ya skrini zenye kisogo kipana kama jiko la makaa tunajua joto lake, na hatukujua bili yake kwa sababu haikulipwa na sisi. Tarakilishi ya Pentium 4 na skrini ya aina hiyo zilikula wati 150 au zaidi kwa pamoja. Kikasha kidogo cha kizazi cha nane na skrini bapa ya inchi 22 havizidi sana wati 50 katika kazi ya kawaida. Kwa saa nane kila siku, mwezi mmoja, hiyo ni tofauti ya takriban uniti 36 na uniti 12 kwenye tokeni za umeme. Zaidi ya hayo, kioo cha skrini hizo kina madini ya risasi, na siku ya kuitupa utahitaji kuipeleka kwa wanaoshughulikia taka za elektroniki.

UPS ndogo ya VA 650 haitakuwezesha kufanya kazi wakati wote stima zimepotea. Itakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuizima mashine kwa utaratibu, na tasnifu ya kurasa 80 inahitaji dakika hizo. Asiyeweza kuinunua kwa sasa aiweke ya kwanza kwenye orodha ya mwezi ujao, kabla ya spika na kabla ya kiti.

Hatimaye ni risiti. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na maelezo anayohitaji ili kufaidika nazo, lakini risiti nyingi za madukani zimepigwa muhuri kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, tena zimeandikwa ‘kompyuta moja’ na bei basi. Karatasi ya namna hiyo haitakufaa mbele ya yeyote. Kabla hujatuma pesa kwa M-Pesa, mwombe muuzaji aandike kwa mkono wake jina la mashine, nambari kamili ya kichakataji, kiasi cha RAM, ukubwa wa SSD, nambari ya utambulisho iliyo kwenye kasha na idadi ya siku za dhamana. Akikataa kuandika hata moja kati ya hizo, duka la pili halipo mbali.